Al-Biruni na hesabu ya tarakimu ishirini

WAISLAMU wa zama hizi tunapenda sana kutaja majina ya wanazuoni wetu wa kale. Mhadhiri akisimama kueleza kwamba Uislamu haugombani na elimu, haipiti robo saa utasikia Al-Khwarizmi, Ibn Sina, Ibn al-Haytham na Al-Biruni. Watu wanaitikia takbira na mhadhara unaendelea. Lakini hebu mshike mkono mmoja wa waliopiga takbira ile umuulize Al-Biruni alifanya kitu gani hasa. Wengi watakwambia alikuwa mwanasayansi mkubwa na kwamba Wazungu walichukua kwake. Zaidi ya hapo ni kimya.

Kwa maoni yangu huku si kumheshimu mtu yule. Mwanahesabu huheshimiwa kwa kufuatwa hesabu yake. Hivyo basi, ndugu msomaji, leo tuyapitie maisha ya Al-Biruni, na njiani tusimame kitambo kwenye hesabu moja aliyoifanya akiwa kijana wa miaka 27 hivi. Jawabu lake lina tarakimu 20. Ni hili: 18,446,744,073,709,551,615.

Utauliza namba kama hiyo inamhusu nani. Mimi nafundisha elimu ya dini huku Nachingwea, na kazi hunipeleka Ruangwa mara kwa mara. Wilaya hizi mbili za mkoa wa Lindi zinaishi kwa ufuta, korosho na mbaazi. Chama kikuu cha ushirika cha huku kinaitwa RUNALI, jina lililoshonwa kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na siku ya mnada wa ufuta hakuna mkulima asiyejua kuhesabu. Hesabu hiyo ya Al-Biruni inawagusa watu hawa kuliko unavyodhani, na nyinyi mlioko Dar es Salaam na Tanga inawagusa vilevile. Tutafika huko.

Abu Raihan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni alizaliwa Septemba 973, sawa na Mfunguo Tatu mwaka 362 Hijria, katika mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, kusini mwa bahari ya Aral. Leo sehemu ile imo ndani ya Uzbekistan. Lugha ya mama yake ilikuwa Kikhwarazm, lugha ambayo imeshakufa. Kiarabu alijifunza, na kwa Kiarabu ndiko alikoandika takriban kazi zake zote. Jambo hili linafaa kukumbukwa na sisi ambao tunaona lugha ya pili ni kisingizio cha kutosoma.

Mwalimu wake alikuwa Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtu wa ukoo uliokuwa ukitawala Kath, naye alikuwa bingwa wa hesabu za pembe na nyota. Kwa mwalimu huyu kijana akaivia mapema. Akiwa na miaka 17 tu alipima kimo cha jua la adhuhuri na kutoka hapo akapata latitudo ya mji wake, yaani umbali wake kutoka Ikweta. Mwanafunzi wetu wa umri huo yuko kidato cha tatu au cha nne, na wengi wao wanaulizana kama hesabu ni ya lazima.

Mwaka 995 vikazuka vita. Ukoo wa mwalimu wake ukaangushwa na ukoo mwingine wa Khwarazm, na Al-Biruni, aliyekuwa na miaka 22, akakimbia. Akaishi maisha ya kutangatanga. Hata hivyo hakuacha kazi. Tarehe 24 Mei 997 ulitokea mwezi kupatwa, naye alikuwa amekwisha kupatana na Abu al-Wafa al-Buzjani, mwanahesabu mkubwa wa Baghdad, kwamba kila mmoja aangalie tukio lile mjini kwake na aandike saa. Mwezi ukipatwa, hupatwa kwa wote kwa wakati mmoja. Kinachotofautiana ni saa ya kila mji. Saa moja ya tofauti ni nyuzi 15 za longitudo. Kwa njia hiyo watu wawili wasioonana, bila simu wala telegrafu, waliujua umbali wa Kath na Baghdad kwa kutazama mwezi. Nasi hadi leo tunagombana kila Ramadhani kuhusu mwezi wa mji upi, lakini hayo tuyaache.

Baadaye akapata hifadhi Gurgan, karibu na bahari ya Kaspi, kwa mtawala Qabus bin Wushmgir. Huko, kama mwaka 1000, akakamilisha kitabu chake kikubwa cha kwanza, Al-Athar al-Baqiya, na kumtunukia mtawala yule. Kitabu kinahusu namna mataifa mbalimbali yanavyohesabu miaka, miezi na sikukuu zao: Waislamu, Wayahudi, Wakristo, Waajemi, watu wa Khwarazm na wengineo. Ndani ya kitabu hicho akachepuka kidogo kuzungumzia ubao wa sataranji, na hapo ndipo ilipo hesabu yetu.

Kisa cha sataranji kinajulikana. Inasimuliwa kwamba mtu aliyeubuni mchezo huo aliambiwa na mfalme wa India aombe zawadi. Akaomba nafaka: chumba cha kwanza cha ubao punje 1, cha pili 2, cha tatu 4, cha nne 8, na kuendelea hivyo kila chumba mara mbili ya kilichotangulia, mpaka vyumba vyote 64 viishe. Mfalme akamdharau kwa kuomba kitu kidogo. Makarani walipohesabu wakakuta ghala za nchi nzima hazitoshi.

Kisa hiki ni cha kuburudisha, na Al-Biruni hakushughulika na burudani. Yeye alitaka jumla kamili ya punje hizo bila kujumlisha chumba kimoja kimoja, maana kujumlisha namba 64, nyingine za tarakimu 19, ni kujitafutia kosa. Akatumia kanuni mbili. Naomba msomaji uzifuate kwa kalamu, si ngumu.

Kanuni ya kwanza: chukua namba ya chumba chochote, izidishe kwa yenyewe, utapata namba ya chumba kilicho mbele yake kwa hatua zilezile ambazo chenyewe kimetoka chumba cha kwanza. Chumba cha 5 kina punje 16, nacho kiko hatua 4 kutoka cha kwanza. 16 mara 16 ni 256, na hiyo ndiyo namba ya chumba cha 9, hatua 4 mbele. Endelea. 256 mara 256 ni 65,536, chumba cha 17. Hiyo nayo mara yenyewe ni 4,294,967,296, chumba cha 33. Zidisha tena mara yenyewe, unapata 18,446,744,073,709,551,616, ambayo ni namba ya chumba cha 65. Chumba hicho hakipo, kwa sababu ubao una vyumba 64 tu. Lakini Al-Biruni alikihitaji kwa ajili ya kanuni ya pili.

Kanuni ya pili: punje za chumba chochote, ukitoa moja, ni sawa na jumla ya punje za vyumba vyote vilivyokitangulia. Chumba cha 6 kina 32. Toa moja, 31. Sasa jumlisha vilivyotangulia: 1, 2, 4, 8 na 16. Ni 31. Kwa hiyo namba ya chumba kile cha 65 ambacho hakipo, ukiipunguza moja, ndiyo jumla ya ubao mzima. Kazi ya kujumlisha mara 63 imegeuka kuwa kuzidisha mara nne na kutoa moja.

Ukiitazama namba yenyewe utaona mambo. Vyumba vyote vina namba shufwa isipokuwa cha kwanza, na ile punje moja ya mwanzo ndiyo inayoifanya jumla yote kuwa witri. Inaishia na 5, hivyo inagawanyika kwa 5. Ukijumlisha tarakimu zake unapata 87, ambayo inagawanyika kwa 3 lakini haigawanyiki kwa 9, na namba yenyewe iko hivyohivyo. Namba tasa zinazoizaa ni saba: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Angalia kwamba 17, 257 na 65,537 ni zile hatua za Al-Biruni, 16, 256 na 65,536, kila moja ikiongezwa moja. Hatua ya 4,294,967,296 ikiongezwa moja haikuwa tasa. Mfaransa Fermat, katika karne ya 17, alidhani ni tasa, mpaka mwaka 1732 Euler alipoonyesha kwamba ni 641 mara 6,700,417. Mambo haya ya Fermat na Euler ni yao, tusimvike Al-Biruni joho lisilo lake. Tabia ya kudai kila kitu ni chetu inatushushia hadhi mbele ya watu wanaosoma.

Wala tusiitafutie namba hii siri. Wapo ndugu zetu ambao wakiona namba kubwa wanaanza kuisaka ndani ya herufi za Qur'ani na kupiga ramli ya tarehe ya Kiyama. Al-Biruni aliijua vyema elimu ya wanajimu, hata akaiandikia kitabu cha maelezo, lakini katika maandishi yake hakuficha shaka yake juu ya madai yao. Namba kwake ilikuwa kitu cha kukokotoa na kuhakiki.

Tuilete namba yetu nyumbani sasa. Badala ya ngano, tuweke ufuta wa Ruangwa. Punje elfu moja za ufuta zina uzito wa gramu 3 hivi. Mstari wa kwanza wa ubao, vyumba 8, una punje 255, hata gramu moja hazitimii. Mistari miwili inakupa karibu gramu 200, za kukaanga na kutengenezea kashata. Mistari mitatu ni kilo 50. Nusu ya ubao, vyumba 32, ni tani 13 karibu, yaani lori limejaa. Hapa mfalme bado anacheka. Vyumba 40 ni tani 3,300, na vyumba 48 ni tani 844,000. Ukifika chumba cha 64 una tani bilioni 55. Hata tukiikadiria dunia kwa ukarimu kwamba inavuna tani milioni 10 za ufuta kwa mwaka, itaihitaji miaka 5,500 kulilipa deni la mtu yule. Na Waswahili tusiseme sataranji si mchezo wetu. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32, lakini kete zake ni 64. Wazee wanaocheza chini ya miembe huku wanaishika idadi hiyo kila jioni.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Kanuni ile ya pili ya Al-Biruni ina meno. Inasema kwamba kitu kikiongezeka maradufu, hatua ya mwisho peke yake inazidi hatua zote zilizotangulia kwa pamoja. Chukua mchezo wa upatu, ule wa kuingiza watu wawili wapya, nao waingize wawili kila mmoja, na wanaokuja walipe waliotangulia. Ngazi ya kwanza mtu 1, ya pili 2, ya tatu 4. Ni ubao wa sataranji wenye watu badala ya punje. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wilaya nzima ya Ruangwa watu 131,080. Upatu wa ngazi 17 unataka watu 131,071. Maana yake katika ngazi ya 17 watu wote wa Ruangwa wa mwaka ule, vikongwe na vichanga, wangekuwa wameingia, na nje wangebaki tisa. Ngazi ya 26 inataka watu 67,108,863, na sensa ya mwaka 2022 ilipata Watanzania 61,741,120. Nchi imekwisha.

Siku mchezo unapokwama, ambayo lazima ifike, walio katika ngazi ya mwisho hawana wa kuwalipa. Ni wangapi? Kanuni ya pili inajibu: ni zaidi ya wote waliotangulia kwa jumla. Katika mfano wetu wa Ruangwa waliotoa bila kupata kitu ni 65,536, na wa ngazi zote za juu ni 65,535. Kwa hiyo mtu anayekwambia kwamba wanaopoteza ni wachache wenye bahati mbaya anakudanganya, au hajui. Wanaopoteza ni zaidi ya nusu, kila mara, hata kama mwendeshaji ni mkweli na mcha Mungu, kwa sababu hesabu haiangalii nia. Wengi tunaukumbuka mwaka 2009 na DECI, ambako mchango uliitwa mbegu na watu walipanda kwa furaha mpaka Serikali ilipousimamisha mchezo. Waliopanda walikuwa wa dini zote. Tangu hapo michezo imehamia kwenye simu, jina linabadilika kila mwaka, na ubao ni uleule.

Deni nalo lina ngazi zake. Huku kwetu ipo kangomba, yaani mkulima kubanwa na njaa au ada ya shule akauza korosho zake nje ya ushirika kwa bei ya kutupa, mara nyingine zikiwa bado maua mtini. Pembeni yake wapo wanaokopesha fedha kwa sharti la kulipa mara mbili msimu ukifika, na asiyelipa deni lake lote linarudufiwa tena. Shilingi 50,000 inaonekana ndogo, kama punje za mstari wa kwanza. Misimu mitano baadaye ni shilingi 1,600,000. Ya kumi ni 51,200,000, na hapo mikorosho imekwisha badilisha mwenyewe. Aya ya riba katika Surat Al-Imran inataja hasa kurudufika huku. Walimu wa madrasa tunaisoma aya hiyo na kuifasiri vizuri sana, lakini ni wangapi kati yetu tunachukua chaki na kumwonyesha mtoto ubaoni namna 50 inavyokuwa 1,600 kwa hatua tano tu? Ningependa kuona hesabu hiyo ikifundishwa katika darasa lilelile la fiqhi, siku ileile ya somo la riba.

Nirudi kwa mwenyewe. Mwaka 1004 hivi Al-Biruni alikuwa amerudi Khwarazm, akiwa mshauri wa mtawala mpya. Katika ujana wake alikwisha kuandikiana na Ibn Sina maswali na majibu makali juu ya falsafa ya Aristotle, mabishano ambayo mpaka leo yanasomwa. Maisha ya ikulu hayakudumu. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliivamia Khwarazm na kuiteka, na wanazuoni wakachukuliwa pamoja na mateka wengine kwenda Ghazna, katika nchi ya Afghanistan ya leo. Al-Biruni alikuwa mmoja wao, na mwalimu wake Abu Nasr pia. Alikuwa na miaka 44, na alibaki katika himaya ile mpaka kufa kwake.

Mwingine angekaa akinung'unika. Yeye, majeshi ya Mahmud yalipokuwa yakiingia India, aliipata nafasi ya kufika huko, akajifunza Kisanskriti ukubwani na kusoma vitabu vya Mabaniani kwa lugha yao. Penye ngome ya Nandana, katika Punjab ambayo leo ni Pakistani, akaupima mlima kwa vipimo vya pembe, kisha akapanda juu yake na kupima ni kwa kiasi gani upeo wa macho unazama chini ya mstari ulionyooka. Alipata dakika 34, yaani zaidi kidogo ya nusu ya nyuzi moja. Kwa kimo cha mlima na pembe hiyo ndogo akakokotoa nusu kipenyo cha dunia nzima, na matokeo yake yako karibu na tunayoyajua leo, kutegemea urefu wa dhiraa unaoichukulia. Kabla yake, watu wa Khalifa Al-Ma'mun walilazimika kutembea jangwani kupima urefu wa nyuzi moja ya ardhi. Yeye alitosheka na mlima mmoja.

Wakazi wa Nachingwea tuna sababu ya kuthamini mtu anayepima kabla ya kusema. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake pamoja na Kongwa na Urambo. Kwenye karatasi zilikuwa ekari zaidi ya milioni tatu. Waliotumwa kukagua nchi walikaa wiki chache, na sehemu kubwa waliitazama kutoka kwenye ndege. Mvua na udongo havikuulizwa. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara mpaka hapa ilikuja kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Namba zilikuwa kubwa, ila hakuna aliyezihakiki.

Matunda ya safari za India ni kitabu kilichokamilika kama mwaka 1030, ambacho watu hukiita Kitab al-Hind. Ndani yake ameeleza dini, sheria, falaki na hesabu za Wahindi kama wao wenyewe wanavyozieleza, na hilo akalifanya akiwa katika himaya ya Sultani aliyekuwa akiwapiga vita. Ameeleza kwamba Waarabu katika kutaja namba huishia elfu, kisha hurudia elfu ya elfu, ilhali Wahindi wana majina mpaka daraja la 18. Kiswahili chetu kimekaa katikati ya watu hawa: elfu tumeipata kwa Waarabu, laki tumeipata India. Kwa namba ya ubao hata laki haitufikishi. Inabidi tuseme milioni mara milioni mara milioni, na hizo ziwe 18 na ushei.

Kitabu hichohicho kinatutaja na sisi. Akieleza kwa nini Somnath, mji wa hekalu maarufu katika pwani ya India, ulipata umaarufu ule, alisema ni kwa kuwa ulikuwa bandari na kituo cha wanaosafiri baina ya Sufala ya nchi ya Zanj na China. Zanj ndiyo pwani hii yetu, na njia ya Sufala ilipita mbele ya Kilwa, iliyo katika mkoa huuhuu wa Lindi. Mtu aliyeishi kati ya milima ya Ghazna, mbali na bahari yoyote, alijua kwamba huku kuna watu na kuna biashara.

Mahmud alikufa mwaka 1030 na mwanawe Mas'ud akamtunza vizuri zaidi mwanazuoni huyu. Al-Biruni akamtunukia Al-Qanun al-Mas'udi, kitabu kikubwa cha falaki. Inasimuliwa kwamba Sultani alimpelekea mzigo wa fedha uliobebwa na tembo, naye akaurudisha hazina kwa maelezo kwamba hana haja nao. Alipokuwa na miaka 60 na ushei aliandika orodha ya vitabu vyake, vikafika zaidi ya 100, na aliendelea kuandika. Vilivyosalia hadi leo ni vichache kuliko vilivyopotea. Katika uzee, macho na masikio yakiwa yamepungua, alikuwa bado anakusanya majina ya dawa na mimea katika lugha mbalimbali kwa ajili ya kitabu chake cha mwisho, Kitab al-Saydana.

Alifariki Ghazna karibu na mwaka 1050. Kuhusu siku hiyo Yaqut amehifadhi habari moja ambayo sisi wa somo la mirathi hatuna budi kuijua. Katika mirathi kuna suala la nyanya wasiokuwa na fungu, wanaoitwa jaddat fasida: nyanya ambaye kati yake na marehemu ameingia mwanamume baina ya wanawake wawili, mfano mama wa babu mzaa mama. Huku kusini, ambako makabila mengi yalizoea kuhesabu ukoo kwa upande wa mama, swali hilo halijapoa; nimeliona likiletwa msikitini na familia zenye mashamba ya mikorosho.

Basi, faqihi mmoja aitwaye Al-Walwaliji alikwenda kumtazama Al-Biruni akiwa katika pumzi zake za mwisho. Mgonjwa akamkumbusha kwamba siku moja walizungumza hesabu ya nyanya hao, akamtaka amweleze tena ilivyokuwa. Faqihi akamhurumia, akauliza kama hali ile ni hali ya kuuliza maswali. Al-Biruni akamjibu kwamba kuondoka duniani hali ya kuwa analijua suala hilo ni bora kuliko kuondoka akiwa hajui. Faqihi akalieleza, mgonjwa akalihifadhi na kulirudia mbele yake. Kisha mgeni akaaga, na kabla hajafika mbali, akiwa bado njiani, alisikia kilio kutoka katika nyumba ile.